Basi Lililochoka: Miaka Yangu kwenye Barabara ya Dzaleka

Siku niliyostaafu, kampuni ilinizawadia sanduku la kusafiria, lile lenye magurudumu. Nilishukuru, nikapiga nalo picha. Lakini kumpa mkimbizi sanduku la safari siku ya kumuaga ni jambo lenye maana mbili, na mpaka leo hakuna aliyenieleza walikusudia ipi. Kwa sasa naweka humo mchele.

Vijana mnaoendesha mabasi mapya mmenisumbua muda mrefu niwaandikie jinsi kazi hii ilivyoanza. Baadhi yenu mnadhani kampuni ilizaliwa na viti vya kitambaa na redio. Haya, nawaandikia. Nitatumia Kiswahili cha shule, kwa heshima ya mwalimu wangu wa Kindu, kule Kongo, aliyenichapa mpaka nikakijua, ingawa mdomoni wote mnajua ninavyosema. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, muulizeni mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni, na mlangoni hayo hayasikiki.

Nilifika Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi ya Malawi, nikiwa mjane bado kijana, na kazi niliyoijua vizuri ilikuwa moja: kukaanga mandazi. Meza yangu ilikuwa karibu na soko, pale magari yanapogeuzia. Wakati ule, ukitaka kwenda Lilongwe ulipanda kabaza, ukakaa nyuma ya baiskeli ya mtu huku umekumbatia mzigo wako, mpaka barabara kuu. Pale ulishuka, ukasimama, ukangoja lori likuonee huruma. Malori yenye huruma yalikuwa machache, na yale machache yalikuwa yamebeba mbuzi.

Asubuhi moja likaingia basi.

Lilikuwa dogo, rangi ya manjano, limechorwa dubu ubavuni. Baadaye tulikuja kujua kwamba kule Japani lilikuwa la kuchukulia watoto wa chekechea. Taa moja ilikuwa imepasuka. Dubu walikuwa wamebanduka, mmoja hana uso kabisa. Mlango ukafunguka, akashuka mwanaume mwembamba mwenye kofia ya majani. Huyo ndiye Bambo Nkhoma, yaani Bwana Nkhoma, mkulima wa tumbaku kutoka Madisi, aliyekuwa amegombana na tumbaku na kuuza ng'ombe wake wote anunue gari hili. Akasimama kwenye ngazi, akajaza kifua, akapaza sauti:

"Basi ikuchoka! Basi ikuchoka!"

Kwa Kichewa, lugha ya wenyeji, kuchoka ni kuondoka. Masikini alikuwa anatuambia basi linaondoka, tukimbie. Lakini sisi wengi tulikuwa wageni, tukasikia basi linachoka. Tukalitazama. Tukamwona yule dubu asiye na uso. Tukaona moshi. Tukaona kwamba bwana huyu hasemi uongo.

Jirani yangu mezani, Mama Feza, mwuza samaki wakavu ambaye tulitoka naye Kindu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu baba iko mukweli," akasema. "Bengine banafichaka ubovu ya gari yao. Yeye anasema waziwazi."

Kadiri Bambo Nkhoma alivyozidi kupiga kelele kwamba linachoka, ndivyo watu walivyozidi kusogea mbali, lisije likazimia karibu nao. Likaondoka tupu. Kesho yake likarudi, akapiga kelele zilezile, likaondoka tupu tena. Siku iliyofuata alikuja mezani kwangu kununua mandazi. Alikula moja polepole, akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza kwa Kichewa kama watu wa hapa wanamchukia.

Mimi nilikuwa na Kichewa cha sokoni, cha kutosha kuuzia na kugombania. Nikamuuliza yeye anadhani anatuambia nini. Akanieleza. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alifuta mafuta vidoleni akasema, "Basi, amayi," yaani mama, "ita wewe."

Nikaacha mwiko, nikapanda kwenye ngazi ya basi, nikaita kwa Kiswahili cha kwetu: "Lilongwe! Area 23! Basi iko na nguvu! Haiyachoka hata kidogo! Kuyeni, batu ya Mungu!"

Lilijaa kabla mafuta kwenye karai hayajapoa. Bambo Nkhoma alisimama kando amevua kofia, akiwatazama watu wanavyosukumana kuingia. "Umewaambia nini?" akauliza. Nikamjibu kwamba nimewaambia gari ni zima. "Siyo kweli sana," akasema, "lakini zikomo," yaani asante. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kuwa kondakta. Meza ya mandazi nilimwachia mdogo wangu, ambaye mandazi yake, kwa kweli, yalikuwa bora kuliko yangu.

Ubavuni juu ya dubu, Bambo Nkhoma alikuwa ameandika TIFIKE, yaani tufike, kwa lugha yake. Haikupita wiki mtu wa kambini akapanda na rangi, akaigeuza ile I ya kwanza kuwa U, akidhani anamsaidia mtu asiyejua kuandika. Bambo Nkhoma akairudisha. Ikageuzwa tena. Mwishowe akaiacha, na kampuni ikawa Tufike mpaka leo. Mkiulizwa nani aliipa jina, semeni ni mtu mwenye brashi.

Aliyekuwa anaendesha alikuwa Mrundi, mzee Melkiadi. Kwao aliendesha lori la kiwanda cha kahawa kwenye milima ambayo, alisema, ukiangusha chungwa hulioni tena. Alikuwa mtu wa kanisa, mfupi, mtaratibu, na ulimi wake ulichanganya ra na la kama wengi wa kwao. Kila asubuhi alilizunguka basi akilipapasa kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kumkamua. Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameegemeza sikio kwenye boneti.

"Mzee, unasikiriza nini?" nikamuuliza, maana ugonjwa ule wa ra na la unaambukiza.

"Nasikiriza kama amerara vizuri," akasema. "Mama Aziza, gari ni ng'ombe. Ukimpigia kerere, anakunyima."

Kazi yangu yote nilifundishwa na mzee huyu. Alinifundisha kwamba makaa hukaa nyuma, mayai hukaa mapajani mwa mwenyewe, na mwenye samaki wakavu hukaa dirishani, upande ambao upepo unatoka, si unaoingia. Alinifundisha kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla ya kuamini breki ya mkono, na kutoamini breki ya mkono hata baada ya jiwe. Alinifundisha kwamba abiria anayeuliza "tutafika saa ngapi?" hataki saa, anataka kusikia sauti ya mtu aliyetulia. "Mwambie tunafika," alisema. "Hiyo ni kweri siku zote, iripokuwa siku moja."

Kitu kimoja hakuweza kunifundisha, kwa sababu hata yeye kilimshinda. Basi lile lilikuwa linasema. Kila tulipoweka gia ya nyuma, sauti ya mwanamke, tamu, yenye adabu, ilitoka chini ya taa za nyuma na kutangaza jambo kwa Kijapani. Tulitafuta waya wake hatukuuona. Fundi mmoja wa Area 23 aliukata waya aliodhani ndio wenyewe; taa zote zikazimika, mama akaendelea kusema.

Tulimwita Mama Japoni. Alichosema hasa hatukijui, ila masikioni mwetu sisi watu wa Maniema, mkoa wa Kindu, kilikuja hivi: "Baki shimoni, kuna chui kule." Mara ya kwanza Mama Feza aliposikia maneno hayo alikuwa amesimama nyuma ya basi na beseni la samaki kichwani. Watu waliokulia karibu na msitu hawaulizi mara mbili habari za chui. Beseni lilibaki hewani. Yeye alikuwa ameshafika msikitini.

"Chui iko wapi?" aliniuliza baadaye, bado anahema.

"Hakuna chui, Mama Feza. Ni gari inarudi nyuma."

"Sasa juu ya nini inasema uongo?"

Uongo ulikuwa uongo. Lakini niwaambie, katika miaka yote ya basi lile hatukumgonga mtu hata mmoja kwa nyuma. Watu walitoroka.

Kesi ngumu zilianza tulipopata abiria Wamalawi. Siku moja alipanda babu mmoja mpole, mkono mmoja ameshika jogoo, akisema anashukia Lumbadzi. Tulipokaribia, mimi nikiwa nyuma naamua ugomvi wa magunia mawili, babu akapaza sauti kwa dereva: "Imani! Imani!"

Kwa Kichewa hiyo ni "simameni". Kwetu sisi ni imani. Na kwa Kirundi, Imana ni Mungu mwenyewe. Mzee Melkiadi alifurahi sana kusikia abiria amejazwa roho asubuhi ile. "Amina!" akajibu, akakanyaga mafuta.

"Imani!" babu akalia, akiona nyumba za Lumbadzi zinapita.

"Amina! Amina, mzee wangu!"

"Imani, imani, imani!"

Warundi waliokaa nyuma hawakuweza kuvumilia tena. Wakaanza wimbo wa kanisani kwao, kwa sauti nne, mzuri kabisa, na mzee Melkiadi akashika besi. Babu wa watu alipitishwa Lumbadzi akiwa amesimama, jogoo juu, akiomba kushuka huku basi zima likimwimbia. Nilipofika mbele na kuelewa kinachotokea, tulikuwa mbali. Nikampiga mzee bega. Akasimama, akaelezwa, akashika kichwa. Ilibidi tugeuze kumrudisha babu, na ili kugeuza ilibidi turudi nyuma, na Mama Japoni akatangaza chui, na akina mama watatu wa Kindu wakashuka kupitia dirishani.

Babu aliposhuka hatimaye mahali pake, alihamisha jogoo mkono wa pili. "Mwanangu," akasema kwa Kichewa, bila hasira, "kama nikitaka kusimama nyinyi mnasali, siku nikitaka kusali nikuiteni vipi?"

Tangu siku hiyo tukakubaliana kupiga bati la basi: mara moja simama, mara mbili twende. Bati halina kabila. Mnaoshangaa kwa nini mpaka leo tunapiga bati wakati kuna kengele, sababu ni yule babu.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi moja ya serikali, Capital Hill. Mtu alikuwa amelalamika kwamba watu wazima wanasafirishwa kama watoto wa chekechea, jambo ambalo tusingeweza kulikana. Afisa angepanda basi mwenyewe, kutoka Dzaleka mpaka mjini, aone. Akikataa, njia yetu inafungwa.

Sasa nacheka, siku ile sikucheka. Njia ile ndiyo ilimpeleka Mama Feza kwenye soko la Area 23. Ndiyo iliyowapeleka wagonjwa hospitali bila kungoja lori la mbuzi. Bambo Nkhoma hakuwa na ng'ombe wa kuuza tena. Alilisafisha basi kwa mikono yake, akampaka yule dubu uso mpya, ambao ulifanana kidogo na wake mwenyewe, akatuamuru afisa apewe kiti cha mbele kabisa, cha heshima. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbele ndipo walipokaa watoto wadogo kuliko wote.

Afisa alikuwa mtu mkubwa, mwenye suti ya kijivu na mkoba wa ngozi. Aliingia kwa ubavu. Akatazama kiti, akatutazama sisi, akajishusha ndani yake polepole kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Mzee Melkiadi aliendesha kwa uangalifu ambao hata kwake ulikuwa mpya. Baiskeli zilitupita, moja ikiwa imebeba kitanda.

Tukafika Capital Hill, mbele ya ofisi yake. Afisa akafunga mkoba, akaweka mikono magotini, akasimama. Yaani alijaribu. Kiti kilinyanyuka naye kidogo, kikalia, kikamrudisha. Akajaribu tena.

"Baba amenasa," akasema Mama Feza, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Akafungua kikapu. "Nina mawese hapa. Tumupake kidogo kwa mbavu."

Nikamtafsiria afisa kwa upole nilioweza. "Ayi, zikomo," akakataa, akitazama mbele.

Mzee Melkiadi alichukua spana, akalala chini, akafungua boliti za kiti. Wanaume wanne wakamnyanyua afisa pamoja na kiti chake, wakamtoa mlangoni kwa ubavu, wakamweka kwenye majani mbele ya jengo. Ilikuwa saa ya watu kuingia kazini. Wafanyakazi walipita mmoja mmoja, wakapunguza mwendo, wakamsalimia, naye akawajibu wote kwa majina, akiuliza hali za watoto, kana kwamba kila asubuhi yeye hukaa hapo.

Bambo Nkhoma alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni ni watu gani nitawapelekea habari mbaya kwanza. Ndipo afisa akafungua mkoba juu ya magoti, akatoa kalamu.

"Kizima moto?" akauliza.

Nikakimbia kukileta.

"Sanduku la dawa?"

Nikalileta.

"Breki."

Mzee Melkiadi akaliendesha basi mbele, akasimama. Akalirudisha nyuma. "Baki shimoni, kuna chui kule," akasema Mama Japoni, kwa adabu yake yote, na askari wa getini akaruka pembeni.

Afisa akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni gari, bwana. Linaonya watu."

Akamtazama askari, aliyekuwa sasa upande wa pili wa ua. Akaandika. Halafu akafunga kalamu, akatafakari umbali kati ya pale alipo na mlango wa ofisi yake. "Amayi," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwambie yule mama alete mafuta yake."

Suti ile haikuwa ya kijivu tena. Lakini alitoka, akanyoosha tai, akatoa uamuzi akiwa amesimama mbele yetu, rangi ya machungwa mpaka magotini: "Huduma iendelee. Viti vibadilishwe. Hilo la viti sihitaji ushahidi zaidi." Akapeana mkono na sote, akaingia kazini. Sijawahi kumwona mtu mwenye heshima kama ile, na nimewaona wengi wenye suti safi zaidi.

Viti vipya tulitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa hapa hapa kambini. Ndivyo walivyovikuta wale wa kwanza kati yenu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo mlilotaka, maana wengi mmenijua nikiwa tayari kwenye usukani.

Mchana, basi lilipopumzika, mzee Melkiadi alianza kuniita kwenye uwanja wa mpira. "Kaa hapa," alisema, akinionyesha kiti chake. Kwanza alinikataza kuwasha. Nilikaa tu, nikijifunza miguu yangu iko wapi. Halafu akaniwashia, akaniambia nisikilize. Kisha nikaenda mbele. Kisha nyuma, na watoto waliokuwa wanacheza wakapanda goli kwa hofu ya chui. Nilimuuliza ananifundisha ili iweje, akasema kondakta anayejua kuendesha hapigi bati ovyo. Nilimwamini. Nilikwenda Lilongwe nikafanya mtihani, nikapata leseni. Mtahini alinilalamikia jambo moja tu: kwamba nilimpapasa ng'ombe kabla ya kuingia. Hakusema ng'ombe, alisema gari.

Nilimpelekea Bambo Nkhoma leseni ile nikiwa nimevaa kitenge kipya. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma.

"Nzuri sana, amayi," akasema. "Itundike ukutani."

"Siwezi kuendesha hata safari za jioni?"

"Abiria wataogopa. Wewe unajua watu. Mwanamke akiendesha, hawatapanda."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu mbaya ningemjibu. Siku zilizofuata niliita abiria kwa sauti ambayo Mama Feza alisema ingefaa zaidi matangani. Mzee Melkiadi aliniona, akaendelea kuniita uwanjani mchana kama kawaida.

Halafu jina la mzee likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi nyingine. Mnajua jinsi inavyokuwa: faili linalala miaka mpaka mwenyewe anaacha kuuliza, kisha asubuhi moja anaambiwa afunge mizigo. Yeye na mkewe Konsolata na watoto wao, Canada. Kambi nzima ilikwenda kumpongeza, na mimi nilikwenda, nikampongeza, nikaenda nyuma ya nyumba yao nikalia.

Shirika lililokuwa linawasafirisha likakodi basi letu liwapeleke uwanja wa ndege yeye na familia nyingine. Bambo Nkhoma akauliza nani atalirudisha basi.

"Dereva nimeshampata," mzee akamjibu. "Atapokea ufunguo palepale uwanjani."

"Anajua kazi?"

"Nimemfundisha mwenyewe."

"Mtu wa wapi?"

"Wa humu humu kambini. Mcha Mungu."

Bambo Nkhoma akaridhika. Mimi pia nikaridhika, na nikamwonea wivu huyo dereva, yeyote yule.

Siku ya kuondoka, msichana wa shirika alisimama mlangoni akiita majina. Kila aliyeitwa alipanda na mfuko wake. "Melkiadi na familia!"

"Niko hapa," mzee akasema kutoka kwenye usukani. Alikuwa amevaa koti zito la Canada, jasho linamtiririka, kitambulisho cha safari kinaning'inia shingoni.

"Baba, wewe ni abiria. Shuka ukae na wenzako."

"Nikishuka, hamuondoki."

Msichana akatafuta mtu wa kumsaidia kufikiri, hakupata, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Jamaa waliokuwa wanasindikiza walijaza nafasi zilizobaki, na Mama Feza akiwemo na beseni lake, maana yeye hasindikizi mtu bila kuuza kitu njiani. Mzee aliendesha taratibu kuliko siku ya afisa. Alitazama kila kichuguu.

"Melkiadi," Konsolata akamwambia, "ndege haitatungoja."

"Itangoja. Dereva wa kuwapereka watu ni mimi."

Uwanjani watu wakaanza kulia, kama inavyokuwa siku zote. Mzee hakulia. Alilizunguka basi, akalipapasa ubavuni, kwenye dubu mwenye uso wa Bambo Nkhoma. Kisha akaja kwangu, akanipa mkono wa kwaheri, na mkononi nikahisi chuma.

"Mzee, huyu dereva yuko wapi?"

"Nimemshika mkono."

Nilimwelewa, nikaufumba mkono juu ya ufunguo. "Bambo Nkhoma atakasirika!"

"Atakasirika sana," akakubali. "Mimi nitakuwa Canada."

Akaondoka na familia yake, mdogo sana ndani ya lile koti. Alipofika mlangoni aligeuka, akarudi akikimbia, askari anamwita nyuma. Nilidhani anakuja kuniambia neno la kuagana. Akanishika bega.

"Gia ya piri," akasema, akihema. "Inabana ikiwa na joto. Usiirazimishe. Mwombe." Akakimbia tena, akaingia, na sikumwona tena.

Nikapanda, nikakaa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado cha moto. Nikasikia mlango unafunguliwa. Mama Feza alikuwa ameshuka na beseni lake. Alisimama kwenye lami, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na gari lingine lolote la kwenda Dzaleka. Akapanda tena, akakaa, akapanga beseni magotini.

"Aziza," akasema, "kama ni kufa, tukufe tukiwa tumeketi. Enda."

Nikaenda. Nje ya geti kulikuwa na ng'ombe wa kweli barabarani, ikabidi niwashughulikie. Kwenye njia panda ya barabara kuu, nani amesimama na kofia yake ya majani? Bambo Nkhoma, amekuja kumpokea dereva mpya. Akapunga mkono. Nikasimama. Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, akatazama viti vyote, mpaka cha mwisho.

"Dereva ali kuti?" akauliza, yaani yuko wapi.

"Ingia, baba," Mama Feza akasema. "Unatukawisha."

Akaingia. Akakaa nyuma yangu hasa, nikasikia ameshika chuma cha kiti changu kwa mikono miwili. Nilipokanyaga breki, yeye pia alikanyaga sakafu. Lori la tumbaku likatupita likipiga honi. Akavuta pumzi, hakuitoa. Kwenye mlima, gia ya pili ikabana. Sikuilazimisha. Nilingoja, nikaiomba, ikaingia kama mkono kwenye mfuko.

Baada ya hapo nyuma yangu pakawa kimya, na kimya kile nilikiogopa kuliko kelele. Nilijua anapanga maneno. Nilijua atasema kambini, mbele ya watu wa soko, na kesho nitarudi kwenye karai. Nikaamua kwamba kama ni safari yangu moja tu, basi itakuwa safari nzuri. Nilikwepa kila shimo. Niliwapisha kabaza. Tulipoacha barabara kuu na kuingia ya kwetu, nikapata moyo wa kutazama kwenye kioo.

Alikuwa amelala. Kofia imeanguka mapajani, kichwa kimelala begani kwa Mama Feza, mdomo wazi kabisa. Mama Feza alinitazama kupitia kioo, akaweka kidole mdomoni.

Sokoni watu walishuka kwa ncha za vidole, wakipitisha mizigo yao juu ya kichwa chake. Mama Feza alimwegemeza dirishani, akatoka wa mwisho. Nikazima injini, na ule ukimya ndio uliomwamsha. Akatazama nje, akaona meza za mandazi. Akanitazama mimi. Akafuta mdomo, akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri.

"Kesho asubuhi, amayi," akasema, "itabidi tutafute kondakta."